Majina ya Watoto Yaliyofutwa Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali hapa Kasongo, nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi na kukatazwa kugusa kingine chochote. Kompyuta ilikuwa moja, na mkuu wa sekretarieti aliifunika kwa kitenge cha mkewe. Mimi, binti wa wakulima, niliipenda papo hapo.

Mkuu huyo alinifundisha vizuri. Diski ngumu, alisema, imegawanywa vijumba vidogo vidogo, na faili moja inaweza kukaa katika vijumba vilivyotawanyika. Mfumo wa faili ndio daftari linaloonyesha kila kipande kiko wapi. Ukifuta faili, unafuta mstari wa daftarini tu. Maneno yenyewe hubaki pale, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Vijana, shikeni hilo.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare, kwenye ofisi ndogo iliyoandikisha vizazi. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Majina ya watoto wa eneo zima, kutoka Wamaza hadi Salamabila, yalibaki kwenye diski pekee. Asubuhi moja msimamizi wetu, akitafuta nafasi, akafuta folda nzima ya majina hayo. Alipogundua kosa, alifanya kama tulivyozoea daftari la karatasi likiharibika: akawaita wazee wa vijiji wakariri watoto wa kila nyumba, tuwaandike upya kwenye kompyuta ile ile. Wazee watatu walikuwa tayari kwenye benchi. Nikachomoa waya wa umeme wa kompyuta.

“Mama, unafanya nini?” msimamizi akauliza.

“Shefu, tusiandike kitu. Majina ingali iko ndani. Tukiandika, tutaifunika.”

“Na kama haiko?”

“Utanifukuza.”

Nilivua diski, nikaifunga ndani ya blanketi, nikaipakata kwenye pikipiki siku mbili za matope hadi Kasongo. Mkuu wangu wa zamani aliiunganisha kwenye kompyuta nyingine, tukaendesha programu ya kurudisha faili, na tulichopata tukakihifadhi pengine. Majina yalirudi, isipokuwa ya kurasa chache. Hayo wazee waliyakariri. Msimamizi hakuniomba radhi, ila hakufuta tena kitu bila kuniuliza. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Muuguzi anayenipima presha ni mmoja wa watoto wale. Juzi nilimtajia jina la mama yake na kijiji alikozaliwa, akashtuka, akauliza kama tulikuwa majirani. Nikamwambia hapana, ilikuwa kazi yangu.