Gunia la Masanja na Mashujaa wa Uingereza

Harufu ya tumbaku inayokauka ndani ya bani, lile banda la kukaushia kwa moto, haikutoki puani hata uoge kwa mche mzima wa sabuni. Msimu ule kule Ushetu, mimi na shangazi Kabula ndio tuliokuwa tunalisha bani kuni. Moto ukishakolea namsomea kitabu kisicho na jalada, cha mashujaa wapanda farasi wa Uingereza ya zamani. Mimi, ambaye baadaye kidato cha pili kilinishinda, kwenye kaya yetu nilikuwa profesa. Neno likinigomea, naliruka, naweka la kwangu. Shangazi hakujali, maana hadithi zote zilikuwa ndugu: kijana anafukuzwa, anapotelea mbali, anarudi uso umefunikwa chuma, anashinda mashindano, mfalme anaropoka kwamba huyu nampa binti yangu, ndipo anafunua uso.

"Hawa Waingereza walikuwa na hadithi moja," shangazi alisema, "wanabadilisha farasi tu."

Lakini hiyo moja ilimwingia. Babu, yaani baba yake, alikuwa amemfukuza Masanja, mchumba wake, kwa kuacha jembe na kwenda Geita kuchimba dhahabu. "Anayeshinda shimoni akaoe panya," ndivyo babu alivyomwambia. Shangazi akamtumia Masanja ujumbe: siku ya mashindano ya ngoma baada ya mavuno, njoo umefunika uso.

Akaja. Chuma angekitoa wapi? Alivaa gunia la mahindi lililotobolewa macho, na chatu wa ngoma shingoni. Alicheza mpaka watazamaji wa ngoma ya wapinzani wakahamia kwetu wote. Babu, mtu wa ngoma kufa na kupona, akasimama mbele za watu: "Huyu ni mtoto wa nani? Huyu apewe Kabula wangu."

Gunia likavuliwa.

"Shikamoo baba," Masanja akasema.

"Marahaba." Babu akamtazama weee. "Nimeshasema, na matapishi yangu silambi. Haya, ng'ombe wako wapi?"

Watu walicheka mpaka chatu akashtuka. Kitabuni shujaa hupewa binti na nusu ya ufalme. Habari za ng'ombe hazimo, au labda nilizirukaga. Ikabidi Masanja arudi shimoni, na mvua zilipoanza akaja anaswaga ng'ombe wake.

Ahadi ni deni, na babu hakurekodiwa na mtu. Alitamka tu, na leo shangazi ana wajukuu Geita. Mimi nilichumbiwa kwa ujumbe wa simu. Asubuhi yake nikakuta aliyeutuma ameshaufuta.