Daftari la Maneno ya Siri

Mjomba alikuwa na chumba cha intaneti, na mtaa mzima ulijiunga na mtandao wa picha pale kwake. Kwa vile watu walikuwa wepesi wa kusahau, kila mmoja aliandika neno lake la siri, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari la Mjomba. Kisha ukaja mtandao mpya wa simu, watu wakamtosa Mjomba bila hata kuaga, wajuba wale. Ule wa zamani ukafungwa, picha zote zikapotea nao.

Jana alikuja mama wa yule kinyozi wa mtaani aliyefariki.

“Mwanangu, nifungulie picha zake.”

Mjomba hakuwa na picha za kufungua. Akafungua daftari, akamwonyesha mwandiko wa marehemu.

Mama akaupapasa kwa kidole.

“Ameandika jina langu.”