Jivu la Lenah

Jua la Gachoka halijapata makali, na Lenah Wawira tayari amechuchumaa kando ya ghala anachekecha jivu. Analimimina juu ya ndengu, anachanganya kwa mikono hadi kila punje igeuke kijivu.

"Dawa yetu ndiyo hii," anasema bila kuinua kichwa. "Mama yangu alitumia hii, na wadudu walihama wenyewe."

Mwaka huu wa 1998, mjane huyu wa miaka hamsini na miwili alipaswa kuwa na tangi la maji. Miaka mitatu iliyopita mradi mmoja wa serikali ulifika hapa Mbeere na ahadi: atakayelima miaka mitatu mfululizo bila mbolea ya dukani wala dawa, serikali itamlipia nusu ya bei ya tangi na kumtafutia mnunuzi. Lenah alijiandikisha wa kwanza.

Mto Ena uko kilomita tano. Mtungi wa lita ishirini anaubeba mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso, mara mbili kwa siku. Mgongo wenyewe umeshapinda.

Basi akavumilia. Msimu wa pili viwavi walimaliza nusu ya shamba. "Majirani waliniambia, wewe Lenah utavuna karatasi za serikali," anakumbuka.

Zikiwa zimebaki wiki tatu akaguliwe, akaenda Chuka kumzika dada yake. Boma akamwachia shemeji yake, Ireri. Na huku kwetu, ukiachiwa boma la mwenzako, ni aibu kumrudishia na hasara. Siku ya pili Ireri akaona mdudu mmoja juu ya ndengu. Mbio hadi dukani, sharti la mradi likimtoka akilini! Akanunua dawa ya unga ya kuua dumuzi, mdudu wa ghalani, akachanganya magunia yote sita, na mbegu pia.

"Alipofika nikamwambia kwa furaha, shemeji, ndengu zako ziko salama," anasema Ireri, macho chini. "Akakaa chini tu, hata leso hajavua."

Majirani walinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lenah hataki kusikia. "Huyu hakunila. Alinipenda vibaya, basi."

Unga ule ukiuangalia ni jivu tupu. Ireri alimsihi anyamaze, maana nani angejua? Afisa wa mradi, Bwana Riungu, alipokuja, alichota ndengu kiganjani, akatabasamu, akatoa kalamu.

"Mama, hapa umefanya kazi. Hili jivu ni safi."

"Hilo si jivu, Bwana Riungu."

Kalamu ikarudi mfukoni. Sheria ni sheria: miaka inaanza upya. Riungu anakiri kwamba roho ilimuuma hadi akashindwa kunywa chai aliyokaribishwa.

Kwa nini alisema? Lenah anaendelea kuchanganya ndengu. "Hizo ndengu zingeenda Meru, mtu amsagie mtoto uji akiniamini mimi. Ningelala aje?"

Machozi yanamlenga, anayafuta kwa kiwiko maana mikono imejaa jivu.

Jivu lenyewe siku hizi linaletwa na Ireri, debe zima kutoka jikoni kwake kila Jumamosi. Hakuna aliyemwagiza. Na nyuma ya nyumba, pale palipopangwa mawe kwa ajili ya tangi, Lenah hajang'oa hata moja. Kuku wanaota jua juu yake.

"Mwaka wa 2001 nitakuwa na miaka hamsini na mitano," anasema akifunga gunia la mwisho. "Hayo mawe hayaozi. Mgongo tu ndio naomba Mungu aniwekee."

Kisha anachukua kamba na mtungi, anashika njia ya Ena.