Runinga Iliyokataa Harusi

Ile stika haikutaka kubanduka. Ilikuwa kwenye kona ya kioo cha runinga ya dada yangu, ya rangi ya dhahabu, imeandikwa smati kwa herufi za kujidai, na kila nilipokaa sebuleni kwake Miyomboni, Iringa, nilikuwa naikwangua kwa ukucha. Shemeji aliinunua mwaka wake wa mwisho duniani. Muuzaji alimwambia runinga hii haina haja ya dishi wala king'amuzi, we iunganishe na intaneti tu, mengine itajua yenyewe. Shemeji aliamini. Alikuwa mtu wa duka yeye mwenyewe, na hakuwahi kumuuzia mtu kitu ambacho angeona aibu kukutana nacho barabarani.

Alipofariki, dada akakaa eda. Mjane kwetu Waislamu hubaki katika nyumba ya mumewe mpaka muda wake utimie. Hasafiri, haendi kwenye sherehe, na hakai pamoja na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio ndugu wa karibu kama mimi kaka yake. Dada hakulalamikia hilo hata siku moja. Kilichomuumiza ni kwamba binti yake alikuwa anaolewa Mbeya ndani ya muda huohuo. Siku ilikuwa imepangwa na marehemu mwenyewe, bwana harusi alishapewa likizo kazini, na wazee walisema neno la marehemu lisivunjwe. Baba mkubwa wa binti, anayeishi Mbeya, ndiye aliyekuwa walii sasa, msimamizi wake wa ndoa, kwa hiyo nikaha ingefungwa nyumbani kwake.

"Mimi sina shida na pilau lao," dada aliniambia. "Wala maua sitaki kuyaona. Nataka kuuona uso wake pale atakapoulizwa kama ameridhia. Baba yake ndiye alikuwa amuulize. Nikishaona hapo, zima."

Kule Mbeya walimtafuta mpiga picha wa kurusha shughuli moja kwa moja mtandaoni. Binti alipiga simu kuhakikisha: mama ataona? Nikamwambia mjomba wako yupo, ataona.

Kwa nini asitazame kwenye simu kama watu wengine? Kwa sababu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilimpa simu yangu akaigeuzageuza, akasema anaona mwanga tu, kama kibatari ndani ya ukungu. Lakini ukimweka karibu na kioo kikubwa cha runinga anatambua sura. Tulijaribu wiki moja kabla. Tulifungua ile programu ya video atakayorushia mpiga picha, tukakuta harusi ya watu tusiowajua, na dada akasema, "Huyu bibi harusi amechoka, mwache akae." Nikajua kazi imeisha.

Ijumaa, siku moja kabla ya nikaha, niliwasha ili kuhakikisha tena. Kioo kikaandika kwa Kiingereza cha adabu kwamba programu hii haitumiki tena kwenye kifaa hiki. Chini yake kitufe kimoja tu: sawa.

Sawa nini? Nani amekubali? Hakukuwa na kitufe cha hapana.

Mimi shule niliiacha kidato cha kwanza. Nimezunguka nyanda hizi nikifanya kila kazi ambayo ina kitu cha kufungua na kutazama ndani. Chimala nilikaa kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mafinga nilikaa kwenye randa ya mbao iliyokuwa na umri kunizidi. Ilikuwa inanguruma kama mzee mwenye kifua, mikanda yake tumeishona wenyewe, bearing zake zimetoka kwenye lori bovu, na ilikuwa inakata. Hakuna mtu aliyeamka siku moja nchi ya mbali akaiambia ile randa kuanzia leo usikate. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Runinga ya dada haikuwa imeharibika. Kioo kizima, sauti nzima, umeme unaingia. Mtu tu, mahali nisipopajua, ameamua kwamba imezeeka. Na hakumuuliza aliyeinunua.

Siku ile nilisoma maoni ya wanunuzi kwenye simu mpaka shingo ikaniuma. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hasira haihitaji kamusi. Watu wa nchi nyingi walikuwa wanalia kilio kimoja: jana ilifanya kazi, leo imekataa. Mmoja alisema aliandikia kampuni akajibiwa anunue runinga mpya. Mwingine alisema nunueni boksi ya kuchomeka nyuma, itaipa runinga akili upya. Mwingine kuhusu boksi hiyohiyo alisema ni takataka. Na yupo mmoja, Mungu anamjua, aliyeipa boksi nyota nne kwa sababu ni ndogo na inapendeza mezani. Ningempata huyo.

Nilinunua boksi. Ningefanya nini? Muuzaji mjini alisema ni mpya, inakubali programu zote, na nikikwama atamtuma fundi wake. Jumamosi baada ya adhuhuri nilikuwa nimekwama. Boksi ilikuwa imewaka, imeonyesha nembo yake, kisha ikagoma kwenda mbele mpaka ifanyiwe apdeti. Nikampigia muuzaji, na fundi akaja kweli, mtu mzima mwenye kitambi na begi la nyaya. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba hawezi kuingia.

Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa mtaani waliokuja kukaa na dada, na dada mwenyewe alikuwa katikati, karibu na kioo, kitambaa cha kujifutia uso mkononi. Tulipozungumzia kumhamishia chumbani kwa muda, alitikisa kichwa. Kule Mbeya watu walishaanza kukaa, na yeye hakutaka kuwa chumbani saa itakapofika. Bibi mmoja jirani, mkubwa kuliko wote, akasimama mlangoni.

"Mwanamume mgeni haingii humu. Fundi gani asiyeweza kusema kwa mdomo?"

Kwa hiyo fundi akabaki nje kwenye ngazi, dirisha wazi, pazia limeshushwa, na mimi ndani na rimoti. Baridi ya Iringa ikawa inaingia kwa raha zake.

"Ingia setingi, braza!" alipiga kelele.

"Nimeingia!"

"Shuka mpaka chini kabisa!"

"Chini kuna mambo mawili yanafanana!"

"Chagua la pili!"

"Anasema la pili," wanawake wakanirudishia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Boksi ikaanza kushusha apdeti yake kwa bando la simu yangu. Ule mstari wa bluu ulikuwa unatambaa. Ulifika katikati ukasimama, ukafikiri, ukaendelea. Bando likaisha. Mwanamke mmoja akatoa simu yake tuunganishe, na mwingine akawa ameshafungua harusi kwenye yake ili aangalie wamefika wapi. Bibi akamwona.

"Zima hiyo. Asifungue mtu simu yake humu. Mwenyewe hajaona, wewe unatangulia wapi?"

Simu zote zikageuzwa kifudifudi mapajani.

Apdeti ikaisha. Programu ikafunguka. Nikaona kabisa duara linazunguka, na nyuma ya duara kivuli cha watu, nikasema, "Dada, hao hapo." Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha kivuli kikafutika, yakaja maneno: kifaa hiki hakijaidhinishwa.

"Fundi! Inasema haijaidhinishwa!"

"Aaah. Hiyo boksi ni orijino kweli, braza?"

"Si mmeniuzia nyie!"

"Basi toka, izime, uwashe tena. Lakini kule wako hewani vizuri tu. Mimi hapa naangalia kwenye simu, picha safi kabisa!"

Nilitamani kumvuta kwa kupitia dirisha. Yeye ambaye harusi haimhusu, aliyekaa kwenye ngazi na kitambi chake, anaona. Mama wa bibi harusi amekaa mbele ya kioo kikubwa kuliko meza, kilichonunuliwa kwa jasho la mumewe, na anatazama nembo ya kampuni ikizunguka.

Simu ya dada ikalia. Alikuwa shangazi wa binti, kule Mbeya, akinong'ona: "Wifi, baba mkubwa ndio anaingia chumbani kumuuliza. Mnaona?" Dada akanipa simu. Nikamwambia shangazi asogeze yake karibu na binti. Nikaweka spika. Sebule nzima ikanyamaza, isipokuwa fundi nje aliyekuwa anasema jaribu mlango mwingine wa HDMI, braza, ule wa pembeni, chomoa uchomeke tena, umechomeka? Bibi akamfokea anyamaze, naye akanyamaza. Tukasikia kikohozi. Tukasikia sauti ya baba mkubwa ikiuliza, ikakatikakatika, mtandao ukameza neno la katikati. Kisha kimya, kirefu. Kisha vigelegele.

Dada alikuwa ameinamisha kichwa upande wa simu na macho yake yako kwenye kioo.

Msiniambie habari za marudio. Marudio tuliletewa baadaye kwenye flashi, na pale pa kuulizwa mpiga picha ameweka maua yanayozunguka na namba yake ya simu, na kaswida juu yake.

Watu wa Mbeya walipokuwa wanapeana mikono, boksi iliamka yenyewe. Haikufungua harusi. Ilifungua ukurasa wa nyota tano tupu.

"Wanasemaje?" dada akauliza.

"Wanataka maoni yako kuhusu boksi."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwake. Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa binti mwenyewe, anahema.

"Mama! Umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu."

Wanawake wakatazamana. Dada yangu huyo, ambaye akikopa kikombe cha sukari anarudisha kikombe na nusu, alisema hivyo bila kupepesa.

"Na rangi umeipenda? Shangazi alisema utaikataa."

Dada akafunika simu kwa kiganja. Akanigeukia. "Rangi gani?"

Sikuijua. Nilitazama wanawake, nao simu zao zilikuwa bado kifudifudi. Hata bibi alitazama chini. Ndipo pazia likacheza, na sauti ya fundi ikaja taratibu, si ya kupiga kelele tena.

"Kijani, mama. Kijani cha majani ya chai. Na mtandio mweupe."

Dada akaondoa kiganja. "Kijani kimekukaa, mwanangu. Na huo mtandio mweupe usije ukampa mtu." Binti akalia kwa furaha, wakaombeana dua, simu ikakatwa.

Dada akaiweka simu mapajani. Kisha akasogea kwenye dirisha, akakaa upande wake wa pazia.

"Fundi. Alipoulizwa, uso wake ulikuwaje?"

Nilisikia zipu ya begi lake ikifungwa, kisha ikafunguliwa tena.

"Wakati ule nilikuwa nawaelekeza nyinyi huko ndani, mama," alisema. "Sikuangalia."