Visu vya Mpini Mtupu na Jiko la Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Handeni na kijana wangu kununua mbegu za mahindi, na pale mnadani tukapita mbele ya mtu aliyetandaza turubai lenye tochi, kufuli, redio ndogo na visu. Kijana akachuchumaa hapo hapo. Ana mpango wa kupanda milima na wenzake, na kwa wiki mbili simu yake ilikuwa haionyeshi kingine ila watu wazima wakikata magogo kwa visu. Akaokota viwili vya mpini mtupu, vile ambavyo ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta ndani sindano, ndoano na njiti za kiberiti. Akaniuliza kwa mzaha, "Mama, nichukue kipi?"

Nikavipokea. Nikafungua vifuniko, nikachungulia ndani ya mipini, nikagonga maungio kwa ukucha. "Hiki kimeshikwa na nati moja tu hapa shingoni. Hiki kingine ni chuma kimoja kuanzia ncha hadi nyuma, kichukue hiki. Dira usiihesabu, ni pambo."

Muuzaji akaacha kutafuna muwa wake. Kijana akaniuliza nimejulia wapi mambo hayo. Hajui kwamba kabatini kwangu, nyuma ya vikombe vya wageni, ninavyo vitano, na baba yake huwaambia watu ni vya kukatia vitunguu. Sikumjibu pale, jua lilikuwa kali na habari yenyewe ndefu. Nakusimulia wewe.

Nilikuwa darasa la tano, naishi Kwamsisi na bibi yangu mzaa mama, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Korogwe. Tulikuwa wawili tu pale nyumbani, ukiacha kuku. Mwaka huo jiko la bibi lilianguka. Halikuanguka kwa kishindo. Lililala taratibu upande mmoja, kama mtu aliyeshiba, na bibi akatoka ndani na sufuria lake mkononi akalitazama likimaliza kulala. Tukawa tunapika uani, moshi unatufuata kila tunakohamia, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Wajomba walituma salamu kwamba watakuja. Salamu zilifika mara tatu, wao hawakufika hata mara moja.

Sasa, tulikuwa na jirani, fundi baiskeli, mtu mpole mwenye kucha nyeusi za grisi. Na tulikuwa na mwalimu wangu wa sayansi, kijana aliyetoka Lutindi, juu milimani, ambaye kwetu aliona joto hadi akawa anatembea na taulo begani. Wote wawili waliwahi kumwahidi bibi kumsaidia jiko. Fundi alisema akimaliza baiskeli zilizopo. Mwalimu alisema mitihani ikiisha. Baiskeli na mitihani, nadhani unajua, haviishi.

Kisha mwalimu akaenda Korogwe mwisho wa mwezi akarudi na kisu. Kilikuwa kinang'aa kama sinia la harusi. Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno, mpini umezungushiwa kamba ya kijani, na nyuma kabisa kifuniko chenye dira. Alikuja nacho darasani, akatutolea vitu vya ndani kimoja kimoja juu ya meza: sindano, uzi, ndoano mbili, plasta moja na njiti tatu. Tulitazama bila kupumua.

Jioni alipita nacho kwa fundi, nami nilikuwa pale nikisubiri ndoo yetu izibwe. Fundi akakigeuza, akakirudisha, akaingia ndani. Akatoka na cha kwake. Kilikuwa cheusi, kizito, hakina meno wala dira. Alipewa na mpima ardhi mmoja ambaye yeye fundi aliwahi kumbebea vyombo porini. Nacho kilikuwa na mpini mtupu, na ndani mlikuwa na sindano ya magunia na kipande cha sabuni.

"Hiki cha kwangu kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepotea porini," mwalimu akasema.

"Na wewe umepotea lini, mwalimu?"

"Siyo nimepotea. Nikipotea."

"Basi siku ukipotea, pita hapa nikuazime hiki."

Ndivyo ulivyoanza ubishi ambao kijiji kizima kilikuja kuugawana. Watu waligawanyika, wenye kupenda dira upande mmoja, wenye kupenda uzito upande mwingine. Bibi alikuwa akipepeta mahindi, mimi nikimweleza yote haya kwa mikono na miguu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kisu husifiwa na kile kilichokatwa. Kawaite."

Walikuja na visu vyao, wakamwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Nasikia mnabishana. Mimi ni mzee, sina upande. Mkitaka nitawaamulia." Wakafurahi. Akawaonyesha kila mmoja kifungu cha muwa. Wakakata. Akaonja wa huyu, akaonja wa yule, akatikisa kichwa. Muwa ni laini, akasema, hauonyeshi kitu. Labda fito.

Rafiki yangu, wale watu wawili wakaingia porini wakakata fito. Kesho yake wakakata nyingine, kwa sababu bibi aligundua kwamba za jana zilikuwa za miti tofauti, kwa hiyo mashindano hayakuwa ya haki. Wakachonga ncha. Wakamenya mihogo, wakachuna magome ya kamba, wakakata nyasi za kuezekea. Kila jioni bibi aliketi kwenye kigoda, akipima kwa macho, na kila jioni uamuzi ulikuwa ule ule, kwamba wamekaribiana mno na inabidi walinganishe tena kesho. Mwalimu aliandika matokeo kwenye daftari, kwa jedwali. Mimi nilibeba fito na kucheka kimoyomoyo, maana bibi alikuwa amenikonyeza mara moja tu, siku ya kwanza, na ilitosha.

Dira nayo ilipata siku yake. Mwalimu alimweleza bibi kwa heshima kwamba, ingawa yeye ni Mkristo, anajua kibla kwetu ni kaskazini, na kisu chake kinaweza kumwonyesha barabara. Akakilaza juu ya kinu. Mshale ukayumba, ukatulia. Bibi akaufuata kwa macho hadi ulikoelekeza. "Mwalimu," akasema taratibu, "huko ni chooni." Mwalimu akakigeuza kisu, mshale nao ukageuka, sasa ukaelekeza kwa fundi. Kumbe dira ilikuwa ikivutwa na chuma cha kisu chenyewe. Fundi akajipangusa mikono akasema hakujua kama yeye ni mtukufu kiasi hicho.

Ikabaki nguzo moja, ile ya katikati yenye panda, ya mti mkavu mgumu. Bibi alitangaza kwamba hiyo ndiyo ya kuamua. Majirani walikuja na vigoda vyao. Maharage yalikuwa yakichemka uani. Fundi akapiga mapigo yake kumi, akaacha jeraha zuri. Mwalimu akavua taulo begani, akanyanyua kisu juu ya kichwa, akapiga. Mara ya tatu tukasikia mlio mdogo, kama wa kizibo cha chupa, na bapa la kisu likachomoka kwenye mpini likaruka. Lilipita juu ya vichwa vyetu likizunguka na kung'aa, tukaliangalia wote, likatua ndani ya sufuria la maharage. Hakuna aliyeumia. Mwalimu alibaki amesimama na mpini mtupu mkononi.

Bibi akachukua upawa, akakoroga, akalitoa bapa, akalifuta kwa khanga. "Mwalimu," akasema, "dira bado unayo mkononi. Ingetuonyesha kilikokwenda."

Watu walicheka hadi wengine wakalala chini. Fundi ndiye aliyecheka zaidi. Mwalimu akaweka mpini juu ya kinu, akasema ana madaftari ya kusahihisha, akaondoka.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Darasani alifundisha akitazama ubao. Watoto wakubwa walipopita nyuma yake walitoa mlio wa kizibo kwa midomo, na mimi, nakiri, mara moja niliutoa. Aligeuka akaniona. Hakuniadhibu. Aliniangalia tu, kisha akaendelea kuandika, na sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Jiko, lililokuwa likiinuka kwa fito za mashindano yale, likabaki mbavu tupu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa milimani. Fundi alikuja peke yake jioni, akafunga fito mbili, akaketi. Akatoa kisu chake cheusi, akakitazama, akakirudisha. "Bibi, hakina raha," akasema. "Nikikata, nani aone?"

"Ulicheka sana," bibi akamwambia.

"Nilicheka sana."

Akaomba lile bapa. Akaenda nalo kibandani kwake, nami nikamfuata. Akakata kipande cha bomba kutoka kwenye fremu ya baiskeli iliyokufa, akalichomeka bapa ndani kabisa, akalitoboa, akalikaza kwa boliti mbili, akafuta jasho. Kilikuwa kisu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuviona, lakini ukikitikisa hakisemi kitu. Akakizungushia gazeti tukaenda naye hadi nyumbani kwa mwalimu.

Mwalimu alikifungua mlangoni. Alikigeuza mara nyingi. Mimi nikasema, "Shikamoo mwalimu, nisamehe kwa ule mlio," na yeye akasema, "Marahaba," kama vile ni jambo dogo, kisha akachungulia ndani ya bomba.

"Bado ni kitupu ndani?"

"Sindano zako zinaingia," fundi akasema. "Nimezipima."

"Basi kesho tulinganishe upya. Ile nguzo haikuwa ya haki, ulianza wewe."

Jiko lilikwisha siku mbili kabla ya mvua. Bibi alipoulizwa mshindi ni nani, alisema bado anafikiria, ila banda la kuku nalo limechakaa. Ule mpini wa zamani aliuchukua yeye akawa anatilia ugoro, na ikawa akinusa kwanza anatazama dira.

Mwalimu alihamishwa baada ya miaka miwili. Fundi na bibi wote wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Nilipopeleka mbegu Kwamsisi safari hii, nilikuta nyumbani kuna jiko jipya la matofali na bati, lililojengwa kwa siku nne na mafundi waliokuja na pikipiki wakaondoka na pikipiki. Ni jiko zuri, halivuji popote. Niliwauliza ndugu zangu ni nani waliolijenga, wakatazamana. Hapakuwa na aliyekumbuka hata jina la mmoja wao.