Nilivyokwenda Matuga Kusomea Kuamuru

Watu wa Kikoneni mnapenda maneno. Tangu nirudi kutoka Matuga nimeshasikia habari za safari yangu zikisimuliwa kwa namna tatu, na katika zote mimi ni mjinga. Basi afadhali niieleze mwenyewe, ili ujinga wangu ujulikane kwa kipimo chake.

Sababu ya kuondoka ilikuwa Uhuru. Bendera ilipokwisha kupandishwa, Wazungu waliokuwa wakisimamia kiwanda chetu cha sukari walianza kufunga mizigo mmoja mmoja. Meneja, ambaye alikuwa bado hajafunga yake, akaambiwa awape wenyeji zile nafasi. Nyumba ya kupikia, pale maji ya miwa yanapochemshwa hadi yawe sukari, ikahitaji msimamizi. Mimi ninajua kusoma, nina shati jeupe, na sikuwahi kugombana na mtu. Nikachaguliwa kwenda kozi ya usimamizi wa viwanda huko Matuga. Nikifaulu, na nikirudi nikaamuru watu mbele ya macho ya meneja, cheo ni changu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo meneja hakuuliza. Mpishi mkuu wa sukari, anayeshika gurudumu la kufungulia mvuke, ni Mzee Suleimani, na Mzee Suleimani ndiye baba mzazi wa mke wangu Mwanamisi. Ninyi mnajua, lakini huenda mgeni akasoma: kwetu mtu hamwamuru mkwewe. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, nikiona mvuke umezidi, nilimwambia Ali, mtia mafuta wa mashine, kwa sauti ya kusikika, "Ali, leo kuna joto, au ni mimi tu?" Mzee alipunguza mvuke kwa hiari yake, na heshima ya kila mtu ikabaki mahali pake.

Asubuhi ya kuondoka Mwanamisi alinifungia mkate wa kumimina, akasema, "Cheo kitafute, lakini baba yangu usimguse."

"Nitamgusa vipi? Mimi ninakwenda kusoma."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," akasema.

Kutoka Msambweni nilipanda lori la kiwanda lililobeba mapipa ya molasi, yale masazo meusi ya sukari. Dereva alinikalisha nyuma, maana mbele alikuwa na kuku wake. Pipa moja lilikuwa linavuja. Kufika Ukunda suruali yangu ilikuwa imegandamana na ubao, na kufika Tiwi nyuki walikuwa wamekwisha kupeana habari. Nilishuka Matuga nikitembea miguu nimeitanua, mkono mmoja umeshika sanduku na mwingine unapigana na nyuki.

"Karibu, bwana," akasema bawabu wa nyumba ya kozi. "Watoka wapi?"

"Kiwanda cha sukari."

"Ninaona," akasema, akaniletea ndoo ya maji.

Nyumba ile zamani ilikuwa ghala la pamba. Mwalimu wetu, Bwana Mutua, alikuwa kijana wa bara mwenye soksi ndefu na Kiswahili cha haraka. Alikuwa hajapata kuingia kiwandani, jambo lililompa uhuru mkubwa wa kueleza. Mashine haikuwapo, kwa hiyo aliweka kiti mbele ya darasa, akatuambia kile kiti ni mfanyakazi mvivu, tukiamuru kwa zamu.

"Msimamizi hasemi naomba," akatufundisha. "Hasemi tafadhali. Anataja kazi, anataja muda, anageuka, anaondoka. Ukibaki umesimama, umekwisha."

Mwenzangu mmoja wa kiwanda cha mkonge alishindwa kabisa. Kila akisimama mbele ya kiti alianza na kukiuliza habari za nyumbani. Mimi, kwa kweli, nilikiamuru kile kiti mpaka Bwana Mutua akawaambia wengine waniige. Sikumbuki kama nilipata kujiona mkubwa hivyo.

Nikanyoosha mkono nikauliza, "Na kama yule unayemwamuru ni mkweo?"

"Kiwandani hakuna mkwe, Bwana Salimu. Kiwandani kuna kazi na kuna mfanyakazi."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Jioni ile nikaenda kujaribu elimu yangu jikoni kwa Bi Mwanaisha, mama wa Kinondo aliyekuwa akitupikia. Sikumwamkia. Nikasema, "Chai. Sasa hivi." Nikageuka.

"Mwanangu, una homa?" akaniuliza. Akanishika paji la uso, akanikalisha, akanichemshia mwarobaini. Niliunywa wote, maana sikujua namna ya kumkatalia.

Siku ya mwisho tulipewa vyeti vyenye mhuri mwekundu. Niliporudi, lori lilikuwa tupu, na njia nzima nilikuwa nikijisemea amri kwa mdomo. Pale Ukunda mbuzi walikuwa wamelala barabarani. Nikawapigia kelele mara moja tu, wakaondoka. Nikaona cheti kinafanya kazi.

Asubuhi iliyofuata nilisimama katika nyumba ya kupikia, meneja kando yangu, mikono nyuma. Mzee Suleimani alikuwa kwenye gurudumu lake. Mara sufuria kubwa likaanza kunguruma, nikajua mvuke umezidi. Nikamtafuta Ali. Ali alikuwa amekwenda matangani. Nikakohoa. Nikauambia ukuta kwamba leo kuna joto. Lakini mashine zilikuwa na kelele na Mzee masikio yake si ya jana, hakusikia. Meneja akanitazama, akatazama sufuria, akanitazama tena. Cheo changu nilikiona kinaondoka kwa miguu yake.

"Suleimani!" nikapaza sauti. "Funga mvuke. Dakika moja." Nikageuka.

Jina tupu, jamani. Bila baba, bila mzee. Nikasikia gurudumu likizunguka nyuma yangu, kisha sauti ya upole ikasema, "Nimefunga, bwana."

Lile "bwana" lilinichoma kuliko mvuke. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimejikwaa mbele ya nyumba nzima. Meneja akanipa mkono, akasema nafasi ni yangu.

Jioni nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ndani, kinu hakikuwapo, sinia hazikuwapo, hata mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imeondoka. Nikajua Mwanamisi hakwenda kutembea. Nilikaa kitandani na cheti changu, nikalia, na sioni haya kusema.

Nilikwenda kwa wakwe na ami yangu awe mshenga. Mimi nilikaa pembeni ya mkeka, kichwa chini, kwani katika baraza ya namna ile mwenye kosa hasemi. Mzee Suleimani naye hakusema nami, alisema na ami.

"Mwambie huyo kijana, hapa anaingia mkwe au anaingia msimamizi. Wawili pamoja mlango huu hauwatoshi."

Nyuma ya pazia nilimsikia Mwanamisi akipenga kamasi. Nikamnong'oneza ami, "Mkwe."

Asubuhi nikamrudishia meneja cheo. Maskini, alishangaa hata akakaa.

"Basi nani anaweza kumwamuru Suleimani?"

"Hakuna, bwana. Waliomzaa wamekwisha kufa."

"Na Suleimani anaweza kumwamuru nani?"

"Sote. Nusu ya nyumba ya kupikia tumeoa kwake, na nusu iliyobaki inaposa."

Mzee Suleimani ndiye msimamizi tangu siku ile. Kozi alikataa kwenda. Alisema ana kazi. Hutuamuru kutwa nzima, mbele ya watu, na sisi hujibu "Naam, baba" huku tunatazama chini, na meneja huandika kwamba nidhamu haijapata kuwa nzuri hivi.

Mkiniuliza basi nimejifunza nini, nitawaambia: wakija tena kutafuta wakubwa wa viwanda huku Kwale, wasiulize nani amesoma. Waulize nani ana mabinti wengi. Mwanamisi amerudi, na sasa ni mjamzito. Jamaa wananiombea mtoto wa kiume. Waacheni waombe, mimi ninaomba binti.