Wapagazi wa Chini ya Mnara

Jumapili hiyo, mwanangu, nimejaribu kuisahau na imenishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shati jeupe alilolipiga pasi dada yangu, na mstari wa pembeni kichwani kama walivyochana makarani wa ofisi za wazungu. Mbelgiji alikuwa bado anatawala. Sisi weusi tulikaa juu kule Kadutu, tukashuka mjini kwa kazi na kupanda tena kabla giza halijaingia.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Kila Jumapili baada ya misa nilibeba kamera yangu ya miguu mitatu mpaka kwenye uwanja mkubwa wa mjini, nikaisimamisha mbele ya mnara wa vita. Ulikuwa jiwe la kijivu, refu kupita watu wawili waliobebana, na juu yake alisimama mkuu wa jeshi wa shaba, mzungu mwenye upanga. Yeyote aliyefika Bukavu alitaka picha pale. Vijana wa machimbo ya dhahabu ya Mwenga walikuja wakiwa likizoni, wamenunua suruali mpya, ili wapeleke nyumbani ushahidi kwamba mji wameuona kwa macho yao.

Kupiga picha mbele ya mnara kulikuwa na ugumu wake, usifikiri ni kama simu yako hiyo. Nikirudi nyuma ili jiwe lote liingie, mteja alikuwa mdogo kiasi kwamba mama yake asingemtambua. Nikisogea karibu, kichwa cha mzungu kilikatika, na mteja alilalamika kwamba mnara sikumpa. Basi nikabuni njia yangu. Mteja alipiga goti moja mbele ya jiwe, mkono juu ya paja, nami nikainua kamera kidogo. Uso wake ukaonekana vizuri, mzungu akaonekana mzima, na sehemu ya chini ya jiwe ikabaki nje ya picha. Vijana waliipenda, wakaja kuiomba kwa jina langu, "kama Deo anavyopiga". Nikavimba kichwa, sikufichi.

Wakati huo nilikuwa nimeshamwona Nabintu, huyu bibi yako, koko kama tunavyomwita kila mzee wa ukoo, unayemsikia jikoni akijifanya hasikilizi. Alikuwa binti wa Katana, amekuja mjini kwa shangazi yake kujifunza kushona. Nilimpenda mpaka nikaanza kuharibu filamu. Baba mdogo wangu alipeleka kwao chungu cha pombe ya ndizi, kama desturi yetu inavyotaka, na chungu kilipokelewa. Ila Muzee Bisimwa, baba yake Nabintu, alisema pombe haitanyweka kabla hajashuka mwenyewe kunitazama.

Akaja Jumapili hiyo. Mzee mrefu, mwembamba, koti la zamani limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Nilimwamkia kwa heshima zote, macho chini. Nikamuuliza habari za safari, habari za ng'ombe. Kisha aliomba nimpeleke kwenye mnara. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijua sasa ataona mkwe wake mtarajiwa ni mtu wa namna gani, anayefanya kazi katikati ya mji wa wazungu na watu wanapanga mstari kumsubiri.

Tulipofika, mzee aliuzunguka mnara polepole, mara mbili, akiinama kama mtu aliyeangusha kitu. Mimi sikuuliza anatafuta nini. Nilikuwa na haraka, jua lilikuwa zuri, na vijana wawili wa machimboni walikuwa wanatazama. Nikamwita asimame mbele ya jiwe. Nikachungulia kwenye kamera: kwa urefu wake aliziba buti za mkuu wa jeshi. Nikamwomba apige goti.

Hakupiga. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nipigie nani goti, mutoto?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya picha tu, kwamba wote hufanya hivyo. Bado akasimama. Na hapo, mwanangu, nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda. Nilimwendea mzee yule, baba wa msichana niliyemtaka, mtu ambaye kwa desturi yetu sikupaswa hata kumgusa mkono wa koti, nikaweka kiganja changu juu ya bega lake na kumsukuma chini, kama nilivyozoea kuwapanga wateja wote. Chini ya koti nikahisi nundu ngumu, ngumu kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

Mzee hakuondoa mkono wangu. Alisubiri mpaka nilipouondoa mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Unaona watu ngapi mu hii jiwe?"

"Mumoja, papa."

"Hesabu tena," akasema, akavaa kofia yake na kuondoka.

Siku ya tatu chungu kilirudi. Baba mdogo alikiweka mlangoni kwangu, pombe imejaa mpaka mdomoni, hakuna aliyeionja, wala hakuwa na haja ya kunieleza kwamba posa yangu imekataliwa. Alitaka tu kujua nimefanya nini. Nikaanza kumweleza, nikafika kwenye bega, nikashindwa kuendelea. Yeye alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aligeuka akaenda zake, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Asubuhi iliyofuata nilishuka uwanjani bila kamera. Nikachuchumaa mbele ya mnara, mimi niliyekuwa nimesimama pale kwa miaka miwili. Chini kabisa, chini ya kiwango cha goti la mtu, jiwe lilikuwa limechongwa. Wapagazi. Walikuwa kwenye mstari wakizunguka pande zote nne, kila mmoja na mzigo wake, wadogo, wamejaa vumbi na alama za viatu vya wateja wangu walioegemea pale. Nikawahesabu. Walikuwa kumi na tisa, na wa ishirini mchongaji aliishiwa nafasi kwenye kona, akamwacha nusu mtu.

Nilirudi nyumbani nikatoa picha zote nilizozihifadhi, nikazipanga sakafuni. Hapakuwa na mpagazi hata mmoja. Wote nilikuwa nimewakata, Jumapili baada ya Jumapili, kwa ufundi wangu ule niliojivunia. Nililia, mwanangu. Nililia kwa ajili ya Nabintu kwanza, nisikudanganye, lakini si kwa ajili yake peke yake.

Nikaamua kwenda Katana. Ningependa kukuambia nilitembea kwa miguu ili nijitese kwa kosa langu, lakini ukweli ni kwamba lori la siku hiyo lilikuwa limejaa magunia ya magome ya kinini, yale ya dawa ya malaria, na dereva hakutaka kunisikiliza. Nikabeba kamera begani na kushika njia ya kando ya ziwa. Nilitembea mchana kutwa, nikalala Kavumu kwa watu wa kanisani, nikaendelea. Nilipoingia kwenye ua wa Muzee Bisimwa bega langu lilikuwa limevimba, shati limegandia kwenye ngozi. Nabintu alikuwa pale, shangazi alikuwa amemrudisha nyumbani. Aliponiona aliingia ndani bila kunisalimu. Mzee alitazama bega, akatazama kamera, na nikaona anajizuia kucheka.

"Umebeba siku mbili," akasema. "Siye tulibeba mpaka Tabora."

Nikapiga magoti, yote mawili, bila kuambiwa. Nikamwambia wako kumi na tisa na nusu. Aliniinua, akaniketisha, akaagiza maji ya moto kwa ajili ya bega langu. Ndipo nikasikia kile ambacho ningekisikia Jumapili ile kama ningeuliza. Katika vita vya kwanza, vile vya kupigana na Wadachi, walichukuliwa yeye na kaka yake Mushagalusa kubeba mizigo ya jeshi. Yeye alirudi na nundu begani. Kaka yake alianguka njiani kwa kuhara damu, na msafara haukusimama. Hakuna aliyejua alizikwa wapi, au kama alizikwa. Kisha mtu mmoja wa Katana alimwambia kwamba mjini kuna jiwe lenye wapagazi. Mzee alishuka kumtazama mkwe, ndiyo, lakini alishuka pia kumtafuta kaka yake.

"Miye sikukasirikia goti," aliniambia. "Magoti nilipigaka mingi, mu kanisa, mbele ya mwami, mbele ya wazungu. Nilikasirika juu kazi yako iko kuona watu, na miye haukuniona. Mutoto wangu nikikupa, utamuona?"

Nilimwomba kitu kimoja tu, arudi nami mjini.

Alirudi, na Nabintu pamoja naye. Mzee aliwatazama wapagazi mmoja mmoja, akaguna kwamba mchongaji hakuwahi kubeba kitu maishani, maana hakuna shingo inayonyooka hivyo chini ya sanduku la risasi. Akachagua wa upande wa ziwa, mwenye masikio makubwa. Akasimama bila kupiga goti, akainama na kuinyoosha mikono yake mirefu mpaka vidole vikagusa kichwa cha yule wa jiwe. Ili niwapate wote wawili, mzee mzima na mpagazi mzima, ilinibidi niiondoe kamera kwenye miguu yake na kulala kifudifudi juu ya mawe ya uwanja, na shati langu la misa, mbele ya wazungu waliokuwa wanatoka kanisani. Polisi mmoja mweusi alikuja kuuliza kulikoni. Mzee akamwonyesha kidole chini. Polisi akainama, akatazama kwa muda, akaondoka bila kuandika kitu.

Nilipoinuka, kifua kimejaa vumbi, Nabintu alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mzee akanipangusa shati kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nimwagize baba mdogo alete pombe nyingine, maana ile ya kwanza itakuwa imechacha.

Mnara ule haupo tena, ulibomolewa utawala ulipobadilika. Picha iko hapa ukutani. Mkuu wa jeshi ameingia buti zake tu, na hakuna mtu katika nyumba hii anayejua jina lake. Lakini mtoto yeyote wa ukoo wetu, ukimuuliza huyu mdogo mwenye masikio makubwa ni nani, atakujibu: ni koko Mushagalusa.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujamwambia mtu asimame wapi, muulize amekuja kutafuta nini. Kitu kikubwa kilichojengwa katikati ya mji kitazame na chini pia, kwa waliokibeba. Na siku utakayomkosea mtu, maana utamkosea, usimtumie mjumbe. Nenda mwenyewe, hata bega likivimba.

Mungu akujalie watu wa kukurudi kwa upole kama nilivyorudiwa mimi. Akupe nyumba yenye kicheko cha mwanamke kama huyu anayetusikiliza jikoni. Na popote utakapoanguka, mwanangu, pasikosekane mtu wa kulitaja jina lako.